Siku Bomba Lilipong'ata

Vijana mnaofunga mabomba yasiyoguswa, mkinikuta sokoni mnanipa shikamoo yangu vizuri kabisa, halafu mnakimbilia swali lile lile: "Mama Resti, jicho la bomba la aina gani halisumbui?" Nawajibu, la aina yoyote, mradi anayelifunga ana masikio. Mnacheka. Mnadhani bibi anatania.

Sitanii. Nusura niue watu kwenye choo cha wanawake, mchana kweupe, na nilikuwa nimeshaambiwa. Nimeambiwa kwa Kiswahili fasaha, na mtu mzima mwenye akili zake, nikamcheka. Hilo ndilo nataka kuwaeleza leo, maana mambo ya vali na chujio mtayakuta kwenye karatasi zinazokuja ndani ya boksi.

Lakini kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Mgeta, wa bustani za kabichi na njegere. Ufundi bomba nilifundishwa hapa mjini na Mzee Kibwana, mtu wa Kisaki, ambaye yeye alijifunzia kazi kwenye matangi ya maji ya reli. Mzee yule ukimpelekea tatizo hakupi jibu, anakupa swali. Bomba linavuja, mzee. "Linavuja kabla ya koki au baada?" Maji hayapandi, mzee. "Jirani yanapanda?" Miaka miwili ya kwanza nilimchukia. Nilikuwa nataka majibu, nirudi nyumbani mapema.

Mwanamke fundi bomba siku hizo alikuwa kichekesho. Kwenye vyoo vya wanaume nilikuwa nasimama mlangoni, nagonga fremu kwa spana, napaza sauti: "Fundi anaingia, fungeni zipu!" Mhadhiri mmoja alitoka mbio mkanda ukiwa mkononi, na kesho yake nikamkuta kanisani kakaa benchi la mbele yangu. Hakugeuka mpaka misa inaisha.

Haya mabomba ya macho yalipoanza kuenea, nilikuwa nimeshapita hamsini. Yalianzia kwenye hoteli mbili tatu. Halafu ukaja ule ugonjwa wa kupumua, kila mtu akaogopa kushika koki aliyoshika mwenzake, na wenye mabenki, hoteli na vituo vya mabasi wote wakataka maji yatoke yenyewe. Mzee Kibwana alikuwa ameshastaafu. Nikamwendea anisaidie, akasema, "Hayo ya macho kajifunze mwenyewe, Resti. Mimi hata haya yangu ya kuzaliwa yananishinda."

Nikajifunza kwa kukosea. Jicho la bomba linatoa mwanga ambao sisi hatuuoni. Mwanga ukigonga mkono ukarudi, jicho linaiambia vali ifunguke. Rahisi kusema. Kuna vifaa vya sabuni tuliletewa ambavyo vilikuwa havituoni kabisa sisi watu weusi. Weka mgongo wa mkono chini yake, kimya. Geuza kiganja, sabuni hiyoo. Mhudumu wa hoteli moja akawa anawaelekeza wageni, "Kingeni kama mnaomba dua." Na jicho hilo msiliite sensa mbele ya wazee. Wazee wakisikia sensa wanadhani mmekuja kuwahesabu.

Masika ndiyo mtihani. Maji yanashuka kutoka Uluguru yana rangi ya chai ya maziwa, na lile tope laini linajaza chujio dogo kabla ya vali. Kabla hujamwambia mteja anunue vali mpya, funga koki, fungua chujio, lisugue kwa mswaki uliochakaa. Mara tisa kati ya kumi umemaliza kazi. Nimewaona vijana wakitupa vali nzima kwa sababu ya tope la kijiko kimoja.

Basi. Twende Mikese.

Upande ule wa barabara kuu kulikuwa na kituo cha mapumziko ambapo mabasi yaendayo mikoani yalikuwa yanasimama ili abiria wapate kula, wajisaidie, waendelee na safari. Jina lake naliacha. Mimi ndiye niliyefunga mabomba yao ya vyoo vya wanaume na vya wanawake. Kwa wanawake, sinki sita juu ya kaunta ndefu ya stenlesi, na nyuma yake bati la stenlesi limepanda ukutani kuzuia maji yasilowanishe rangi. Pembeni, mashine ya kukaushia mikono. Pazuri, panang'aa.

Kule kung'aa ndiko kulikoleta balaa. Bati lilikuwa linarudisha mwanga kwenye macho ya bomba, macho yakadhani kuna mikono, na maji yakawa yanajifungulia yenyewe hata choo kikiwa kitupu. Meneja, Bwana Lema, akanipigia: "Mama, tangi langu linakauka kabla ya saa nne. Njoo."

Nikaenda. Nikaona dawa ni kulilaza bati kidogo liangalie juu. Nikalegeza skrubu, nikaweka vipande vya mbao nyuma yake, nikatafuta skrubu ndefu zaidi, nikatoboa upya kwa drili, nikakaza. Macho yakatulia. Nilisimama pale nikajisifu mwenyewe, kazi ya saa moja na nusu.

Siku mbili baadaye nikarudi kuangalia kama bado yametulia. Yalikuwa yametulia. Nikakusanya vifaa vyangu, ndipo akanifuata Zuhura.

Zuhura alikuwa msafishaji wa vyoo vile, mama wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, asiyeongea sana. Siku hiyo alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, Zuhura. Vipi?"

"Bomba linang'ata."

"Linang'ata?"

"Nikishika pale kwenye bati, linaning'ata. Jana kidogo. Leo asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nafuta chini, nikashika kaunta ninyanyuke, likaning'ata mpaka begani."

Nikacheka. Niwaambie ukweli wangu wote: nilicheka kwa sauti. Yale mabomba yanatumia volti sita, sawa na betri nne za redio. Kuna adapta juu ya dari inapunguza umeme kabla haujafika. Volti sita haimng'ati hata mjusi. Nikamweleza hivyo, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tena, "Lakini linang'ata."

Nikamwambia twende. Nikaweka kiganja changu chote juu ya bati. Nikashika bomba la kwanza, la pili, mpaka la sita. Hakuna kitu. "Umeona? Labda umelalia mkono," nikasema. "Au ni ile dawa ya kusafishia, inawasha ngozi."

Testa ilikuwa mfukoni mwangu. Bisibisi ndogo ile yenye taa inayowaka ikigusa umeme, mnaijua. Ilikuwa mfuko wa shati, kichwa chake kinachungulia nje. Sikuitoa, kwa sababu kuitoa ingekuwa kama kukiri kwamba msafishaji amenifundisha kazi.

Zuhura akatazama chini. "Sawa, mama," akasema, akachukua dekio lake.

Nikapanda bodaboda kurudi mjini. Tulikuwa bado hatujafika mbali simu ikaita. Mzee Kibwana. Alikuwa anataka nimpitie, koki yake ya jikoni inatoa mlio. Nikamwambia dereva asimame pembeni nisikie vizuri, tukaongea, na mwishowe nikamsimulia kama kichekesho cha siku. "Mzee, leo nimeambiwa bomba langu linang'ata. La volti sita!"

Hakucheka.

"Wewe umelishika?"

"Nimeyashika yote sita. Kwa kiganja."

"Miguuni ulivaa nini?"

Nikaangalia miguu yangu. Buti za kazi, soli ya mpira nene kama kidole gumba, isiyopitisha umeme.

"Na yeye kavaa nini?"

Ndala. Ndala zilizolika kisigino, juu ya sakafu aliyokuwa ameimwagia maji mwenyewe. Na asubuhi ile alipiga magoti. Magoti yake yalikuwa kwenye maji.

"Resti," akasema mzee, "kwenye ule ukuta umetoboa wapi?"

Niliona skrubu zangu ndefu zikiingia, moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho kulia, chini kidogo ya mashine ya kukaushia mikono. Mashine ile haitumii volti sita. Inatumia umeme wa nyumba, mzimamzima, na waya wake unashuka ndani ya ukuta. Skrubu ndefu imeufikia. Bati limebeba umeme, kaunta imebeba umeme, mabomba yamebeba umeme, na mimi nimeondoka nimemwambia mtu amelalia mkono.

Nikamwambia dereva, "Geuza. Kimbiza."

Nilimpigia Zuhura. Simu ikaita mpaka ikakatika. Baadaye nilijua kwamba wasafishaji wakiwa kazini simu zao zinakaa kabatini. Nikampigia Bwana Lema.

"Zima umeme," nikamwambia. "Zima swichi kubwa, mtu asiingie choo cha wanawake!"

"Mama, unasemaje? Upepo mwingi."

"Zima umeme wote!"

"Nizime vipi? Nina nyama kwenye majokofu, nina mabasi matatu yanaingia sasa hivi. Si umetoka hapa umesema pako sawa?"

"Nilikosea!"

Simu ikakatika. Mpaka leo sijui alikata au mtandao ulipotea. Nikapiga tena, haipatikani. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao linapanda kilima kwa kusuasua, na magari yanayotoka Dar yanakuja mfululizo, hakuna pa kulipita. Nilikuwa nimemshika dereva mabega, namwambia pita, yeye anasema siwezi mama, tutakufa sisi. Nikawa nahesabu sinki. Sita. Basi moja lina wanawake wangapi? Nusu yao wanavua viatu kwenye basi wanashuka na ndala, au peku kabisa. Sakafu imeloa. Mtu akishika kaunta kwa mkono uliolowa, hawezi kuiachia.

Tulipoingia kituoni, mabasi matatu yalikuwa yameshasimama, yananguruma. Niliruka kabla pikipiki haijatulia.

Kelele niliisikia kabla sijafika. Mlango wa choo cha wanawake ulikuwa umezungukwa na abiria, wanasukumana, wanafoka. Na katikati ya mlango alikuwa amesimama Zuhura. Amelikingamisha dekio lake kama boriti, mwisho mmoja kwenye fremu hii, mwisho mwingine kwenye fremu ile, na mgongo ameuelekeza ndani.

"Hapaingiliki!" alikuwa anasema. "Nendeni nyuma kuna vyoo vya wafanyakazi. Hapa hapaingiliki!"

"Wewe ni nani? Basi linaondoka!" alifoka mama mmoja.

Bwana Lema alikuwa anajipenyeza kati ya watu, shati limelowa jasho. "Zuhura, toka mlangoni. Nakwambia kwa mara ya mwisho. Ukiendelea, kuanzia leo huna kazi hapa."

"Nifukuze, lakini siondoki."

Ndipo Bwana Lema akaniona, na uso wake ukakunjuka. "Huyu hapa! Fundi mwenyewe huyu. Mama, waambie hawa. Si umepakagua muda huu? Mwambie huyu mwanamke kwamba bomba ni zima."

Watu wote wakanigeukia. Zuhura pia. Vijana, sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anasubiri kuona nitamfanyia nini mara ya pili.

"Kuna umeme," nikasema. Nikapaza sauti wasikie wote. "Kuna umeme kwenye bati. Ni mimi nimeuweka. Nilitoboa waya. Zuhura anasema kweli. Bwana Lema, kazime swichi kubwa, sasa hivi, kimbia."

Akakimbia. Namshukuru kwa hilo, hakuuliza tena.

Na hapo hapo mwanamke mmoja kwenye umati akapiga ukelele: "Mwanangu! Neema yuko wapi?"

Nikatazama juu ya bega la Zuhura. Ndani, kwenye sakafu inayometa kwa maji, kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne hivi. Alikuwa amepita chini ya dekio wakati wakubwa wanagombana. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alikuwa ametembea mpaka sinki ya tatu, anainua mikono juu, anataka maji, maana alishaona kwingine kwamba ukiinua mikono maji yanatoka. Alikuwa mfupi. Ili mikono ifike ilimbidi ashike ukingo wa kaunta ajivute.

Mama yake akataka kuruka ndani. Nikamkamata. Nilijua tukikurupuka, mtoto atashtuka, na mtoto akishtuka anashika kilicho karibu.

Zuhura ndiye aliyeongea. Kwa sauti ya chini, kama yuko nyumbani kwake, jioni, hana haraka.

"We mrembo. Hebu nione. Nani kakusuka hizo nywele?"

Mtoto akageuza shingo. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa inchi moja kutoka kwenye kaunta.

"Mama," akasema.

"Mama kajua kusuka! Na huku nyuma je? Hebu geuka nione na nyuma."

Mtoto akageuka, akatupa mgongo, akashika kisogo chake kwa mikono miwili kutuonyesha. Mimi na buti zangu nikaingia, hatua nne, nikamnyakua kiunoni, nikarudi naye nje. Sikumbuki kama niligusa chini.

Nikiwa bado nimemshika, feni zikasimama, redio ya mgahawani ikanyamaza. Umeme umezimwa.

Mama wa mtoto alimchukua, akamchapa kofi la tako, halafu akaanza kulia. Mabasi yakapiga honi. Abiria wakaenda vyoo vya nyuma wakinung'unika, wengine hawakuelewa kilichotokea, wakasema vituo vya siku hizi hovyo. Ndani ya robo saa walikuwa wameondoka wote, na Neema wao, na sijui waliko.

Tukawasha umeme dakika moja, mlango umefungwa, nikaweka testa kwenye bati. Taa yake iliwaka nyekundu, kali. Tukazima tena. Nikafungua bati, nikavunja kigae, na pale nilipodhani ndipo palipokuwa: skrubu yangu imeingia kwenye waya wa moto, ule unaobeba umeme, kama sindano kwenye kitambaa. Waya wa kwenda ardhini, ule tunaouita ethi, ambao ungeokoa kila mtu, haukuwahi kufungwa kwenye kaunta. Mimi nilidhani mtu wa umeme ameufunga, mtu wa umeme alidhani nitaufunga mimi. Na kile kikata umeme kinachonusa umeme unaovuja kilikuwa kimerukwa, waya umepitishwa pembeni yake, kwa sababu kilikuwa kinazima majokofu mara kwa mara. Makosa matatu yamepanga foleni, na langu ndilo lililofungua mlango.

Nilikaa pale siku mbili. Nilihamisha waya, nikafunga ethi, nikamsimamia mtu wa umeme mpaka akarudisha kikata umeme. Nikaandika taarifa kwa mkono wangu: kosa la fundi, na chini yake, hitilafu iligunduliwa na Zuhura, msafishaji, aliyetoa taarifa ikapuuzwa. Bwana Lema aliisoma akaniuliza kama lazima neno "ikapuuzwa" liwemo. Nikamwambia asipolitaka nitaandika nyingine yenye maneno makali zaidi. Akaiweka kwenye faili. Zuhura kazi yake ilibaki.

Nilimfuata nyuma ya jiko, alikuwa amekaa kwenye kreti la soda. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa na ganzi vidoleni, alikuwa anavikunja na kuvikunjua. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu. Nikamwambia nilitakiwa kutoa testa, ilikuwa mfukoni.

"Niliiona," akasema.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama fundi, yule meneja asingenisikia, nilijua. Mwanaume, tena bosi. Lakini wewe nilikuona siku ile ya kwanza unagonga mlango wa wanaume, wanakucheka, unaingia hivyo hivyo. Nikasema, huyu atanisikia." Akakunja vidole tena. "Nimekusamehe. Mungu amesaidia."

Kisha akanyanyuka kwenda kazini.

Nilihudumia kituo kile miaka mingine mitano mpaka nikastaafu. Kila nilipokwenda nilipima bati mbele yake, nikamwonyesha testa haiwaki, nikamwachia hata testa yake mwenyewe, akajifunza kuitumia vizuri kuliko vijana wangu wengi. Tulikuwa tunakula pamoja, tunaulizana habari za watoto. Chuki hakuwa nayo.

Lakini akimaliza kusafisha, alikuwa anatoka nje, anazunguka nyuma ya jengo, anachota maji kwenye pipa kwa kopo la plastiki, ananawa. Kila siku, miaka yote mitano. Sinki sita zinang'aa ndani, salama, nimezipima kwa mikono yangu, na yeye ananawa nje kwa kopo. Sikuwahi kumwambia aache.